Kibao Namba Kumi na Saba

Msichana alikutwa amelala nyuma ya mlango, shavu kwenye sakafu ya jiwe, mdomo umeelekea uwazi mwembamba uliokuwa chini ya mbao. Hapo ndipo palipokuwa na hewa. Kucha nne za mkono wake wa kulia zilikuwa zimevunjika.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mtembeza wageni alikuwa amepandisha watu saba kuwaonyesha ghala la kale, chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa kilima na watu ambao leo hakuna anayejua hata waliitwaje. Walihifadhi nafaka humo. Hakuna dirisha. Ukiingia ukasema neno, sauti yako inakurudia usoni.

Siku hiyo mlango ulikuwa umekomewa kwa nje. Mtembeza wageni aligonga komeo la chuma kwa jiwe mpaka likaachia. Akasukuma mlango, ukakwama. Alidhani ni udongo ulioporomoka. Akasukuma tena kwa bega.

Haukuwa udongo.

Inspekta alifika baada ya saa moja, jasho linamtoka kwa ule mwinuko. Kituoni walimwita Taratibu, kwa sababu alikuwa akiuliza swali moja kisha ananyamaza mpaka mwenzake aone aibu ya ule ukimya. Aliinama mlangoni, akatazama bila kugusa.

"Unamfahamu?"

"Tunamfahamu wote, afande," mtembeza wageni akasema. "Ni Nesi. Mtoto wa mfagiaji wetu. Ameitwa Nesi tangu alipopata barua ya chuo cha uuguzi. Hata hajaanza."

"Komeo hili mnalifunga kila siku?"

"Halifungwi kabisa. Limejaa kutu. Liliwekwa zamani kuzuia mbuzi. Sisi tunauvuta mlango tu, unajibana wenyewe."

"Nani alilifunga?"

"Afande, ningejua ningekuwa nimeshasema kabla hujapanda."

Koplo, mwanadada mwembamba aliyefanya kazi na Inspekta mwaka wa tatu sasa, alikuwa amepiga magoti kando ya mlango na taa yake ndogo. "Bosi, njoo uone. Upande huu wa komeo kuna alama za jiwe. Ndipo alipogonga huyu kufungua. Upande wa pili, wa kufungia, kuna rangi. Kijani."

"Rangi ya nini?"

Mtembeza wageni ndiye aliyejibu. "Mipini yetu yote ni ya kijani. Reki, majembe, fagio. Tunaipaka ili isiibiwe."

Mama wa marehemu aliitwa kutoka njia ya chini. Kilimani walimwita Mama Vumbi, na hakuwahi kukasirika. Alipomwona mwanawe hakupiga yowe. Alikaa chini, akavua viatu, akaviweka sambamba kando yake kama mtu anayeingia nyumbani. Akakaa hivyo mpaka maiti ilipoteremshwa.

Inspekta alishuka hadi getini. Hapo palikuwa na ubao mkubwa wenye misumari sitini, na kila msumari umetundikwa kibao kidogo cha mti chenye namba. Anayepanda kilima huchukua kibao, hukivaa shingoni, na akishuka hukirudisha mwenyewe kwenye msumari wake. Ikifika saa kumi na moja jioni, mlinda geti hutazama ubao. Ukijaa, hufunga geti akaenda kwake. Miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kusahaulika juu, na wafanyakazi wa kilima waliuamini ubao ule kuliko macho yao.

"Jumamosi ubao ulijaa?" Inspekta akamuuliza mlinda geti. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kila mtu alimwita Mzee Ubao.

"Ulijaa. Saa kumi na moja kamili. Jumapili hatufungui."

"Nesi alichukua namba ngapi?"

"Kumi na saba. Kila akija ni hiyohiyo, kama vile amekihamia."

"Kikarudi?"

"Kikarudi."

"Nani alikirudisha?"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mzee wangu, nimekuuliza."

"Mwanangu, mimi naangalia vibao. Siangalii sura."

Mama Vumbi na mwanawe waliishi chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya duka la vyombo. Kilikuwa kisafi mpaka unaogopa kukanyaga. Dirisha lilipigiliwa misumari. Mlangoni kulikuwa na makufuli mawili, na funguo zote mbili zilikuwa shingoni mwa mama. Juu ya kabati palikuwa na simu ya marehemu, imezimika.

"Simu aliiacha?" Inspekta akauliza.

"Aliiacha."

"Msichana wa miaka kumi na tisa akaacha simu?"

"Nilikuwa naikagua," Mama Vumbi akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kila jioni. Waliompigia, waliomwandikia. Akichelewa nampigia mpaka apokee. Mtoto ana pumu, afande, na ana sura. Nifanyeje? Nimwache tu?"

Tuseme ukweli, wazazi wenzangu. Ni nani kati yetu hajawahi kuishika simu ya mtoto akiwa bafuni? Huyu mama hakuwa mkatili. Alikuwa na hofu, na hofu yake alikuwa ameipa kazi ya kumlea mtoto.

"Jumamosi alikuaga vipi?"

"Alisema anakwenda kwa shangazi yake kufuata kitambaa cha sare. Hakurudi. Nikajua amelala huko."

"Hukupiga kuuliza?"

"Mimi na wifi yangu hatusemezani mwaka wa nne huu."

"Hukumwona akipanda kilima?"

"Sikumwona. Sikujua kama alikuja kilimani. Mimi nilikuwa njia ya chini na majani yangu."

Koplo aliandika. Inspekta akanyamaza, kama desturi yake. Mama Vumbi akautazama ukuta, kisha akasema bila kuulizwa:

"Kuna kijana. Fundi viatu pale kona ya posta. Alikuwa anamfuata. Kamateni huyo."

Fundi viatu alikamatwa kabla ya saa sita, nyundo mkononi, kiatu cha mteja magotini. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alipoambiwa Nesi amekufa alicheka, kwa sababu alidhani ni mzaha wa askari. Kisha akaona uso wa Koplo.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu, na dirisha juu ambalo mtu hawezi kulifikia.

"Ulikuwa naye Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Mle ghalani. Kila Jumamosi. Tunakaa tunaongea."

"Mnaongea tu."

"Afande, unaweza usiamini. Tulikuwa tunaongea. Kwao hawezi kuongea, njiani hawezi kuongea. Mama yake akisikia jina langu anatema mate. Pale ndipo palipokuwa na nafasi."

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa nane kasoro."

"Yeye?"

"Nilimwacha ndani."

"Kwa nini?"

Kijana akasugua viganja kwenye magoti. "Ndiyo utaratibu wetu. Mimi natangulia, nashuka na vibao vyote viwili, navitundika. Yeye anasubiri mle ndani, mlango ameurudishia, mpaka mama yake amalize kufagia njia ya kati. Halafu anapita njia ya nyuma, ya kwenye mikaratusi, anatokea barabarani bila kupita getini."

"Kwa hiyo kibao cha kumi na saba ulikitundika wewe."

"Mimi."

"Na mtu bado yuko juu."

"Kila Jumamosi, afande. Miezi mitano. Hakuna kitu kilichowahi kuharibika."

"Mlango uliukomea?"

"Nimkomee ili iweje?"

"Mlikuwa na ugomvi?"

Akachelewa kujibu. Akachelewa kidogo tu, lakini ilitosha. "Alitaka akienda chuo tuachane kwanza, mpaka amalize. Nililia. Ndiyo hivyo. Nililia mimi, akanifuta machozi kwa mtandio wake."

"Jumapili hukumtafuta?"

"Nikimtafuta, mama yake ndiye anapokea."

Alipelekwa mahabusu. Mkuu wa kituo alifurahi. Alikuwa mtu mnene mwenye kupenda majalada membamba.

"Kesi imekwisha hiyo, Taratibu. Msichana kamkataa, kijana kamkomea, kateremka na vibao kuficha. Alhamisi jalada liende kwa mwendesha mashtaka. Kosa ni kuua kwa kukusudia."

"Akipatikana na hatia hatoki tena, bosi."

"Asitoke. Na mwenzake alitoka?"

Ikawa hivyo. Ilikuwa Jumatatu jioni, na kijana alikuwa amebakiwa na siku mbili na nusu.

Jumanne daktari alileta ripoti ya uchunguzi wa maiti. Hakukuwa na jeraha, isipokuwa vidole. Hakubakwa, hakuwa mjamzito. Alifariki Jumamosi alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi.

"Kilichomuua?" Inspekta akauliza.

"Moshi."

"Moshi ndani ya jiwe?"

"Masizi yako kwenye koo na njia ya hewa, mpaka ndani. Kwa mtu mzima mwenye mapafu mazuri angekohoa, akazimia, labda angepona. Huyu alikuwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta haikuwa mfukoni." Daktari akafunga faili. "Hakukaa muda mrefu. Hilo unaweza kumwambia mama yake."

Inspekta na Koplo walipanda kilima tena mchana uleule, safari hii pamoja na bwana mmoja wa idara ya mambo ya kale. Bwana huyo aliwaonyesha kitu ambacho mgeni hakioni. Chini kabisa ya ukuta wa ndani wa ghala palikuwa na tundu, upana wa kichwa cha mtu. Juu, karibu na dari, palikuwa na ufa mwembamba.

"Watu wa kale hawakuwa wajinga," akasema. "Nafaka ikikosa hewa inaoza. Walitoboa njia ya hewa kutoka mteremko wa chini. Hewa inaingia huku, inatokea kule juu. Muda wote ghala linavuta pumzi."

"Huko chini tundu linatokea wapi?"

"Njia ya chini. Nyuma ya lile rundo la majani."

Koplo akateremka peke yake. Akawasha majani makavu kidogo tu mbele ya tundu. Juu, Inspekta alisimama ghalani mlango ukiwa wazi, akahesabu taratibu. Hakufika mia mbili. Moshi ulitoka ukutani kama maziwa yanayomwagika, ukatanda sakafuni, ukaanza kupanda magotini. Akatoka anakohoa, machozi yanamtiririka.

Kando ya njia, kwenye benchi la jiwe lililo hatua ishirini juu ya ghala, bibi mmoja mwenye kofia ya majani alikuwa anamtazama.

"Hata sigara ukianza uzeeni inakukataa," akamwambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu, kabla hujaniuliza. Napanda hapa kila siku isipokuwa Jumapili. Nina miaka sabini na tatu na magoti ya plastiki, na bado nakupita wewe."

Inspekta akaketi. "Jumamosi ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nimekuwa nangoja mtu aniulize tangu jana. Askari wako mmoja aliniambia, 'Bibi, pisha.'"

"Nakuuliza mimi basi. Uliona nini?"

"Nilikutana na fundi viatu akishuka, mimi napanda. Alinisalimia vizuri, macho mekundu. Alikuwa na vibao viwili shingoni, nikasema moyoni, huyu ana haraka ya kuoa. Kama dakika kumi baadaye, nimeshaketi hapa, nikasikia chuma. Ko, ko, ko. Mara tatu. Huko chini yangu, ghalani. Mwamba unanizuia, sikuona mtu. Nikajua ni mafundi. Nikamaliza maji yangu, nikashuka."

"Ulisikia sauti ya mtu?"

"Hapana."

"Kelele? Mtu kuita? Kugonga mlango kwa ndani?"

"Inspekta, nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na sita. Mtoto akinong'ona dawati la nyuma nilikuwa nasikia. Palikuwa kimya kama kaburi."

Inspekta na Koplo wakarudi kituoni. Koplo alimletea chai, ikapoa.

"Kijana ameshatoka kwenye kesi, bosi," Koplo akasema. "Chuma kimegongwa baada ya yeye kushuka."

"Mkuu atasema alizunguka akarudi kwa njia ya nyuma. Atasema bibi ana miaka sabini na tatu. Atasema reki ilikuwa njiani, yeyote angeiokota."

"Na Mama Vumbi, anayechoma majani pale chini, je?"

"Anachoma kila Jumamosi saa tisa. Ni kazi yake. Angejuaje?" Akazungusha kikombe. "Hilo silo linalonisumbua. Wewe uko ndani ya chumba cha jiwe. Unasikia mtu anakukomea kwa nje. Ko, ko, ko. Unafanya nini?"

"Napiga mlango mpaka uvunjike."

"Papo hapo?"

"Papo hapo. Natukana na ukoo wake."

"Yeye hakupiga. Vidole vinaonyesha alipiga baadaye. Lakini wakati komeo linaingia, alinyamaza. Kwa nini?"

Koplo akaliandika swali hilo kwenye daftari lake.

Jumatano asubuhi Inspekta alikwenda tena kwa Mzee Ubao. Hakumuuliza habari za vibao. Alimuuliza ni nani alisimama mbele ya ubao Jumamosi, mchana.

Mzee akahesabu kwa vidole. "Wageni wawili watatu. Halafu Mama Vumbi."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu hivi. Alikuja kuniomba sabuni. Mikono ilikuwa na kutu mpaka kwenye viwiko. Akasimama pale akatazama ubao. Akaniuliza, 'Kumi na saba kimerudi saa ngapi?' Nikamwambia si unakiona, kimerudi. Akasema, 'Ndiyo, nakiona.' Akanawa, akaondoka." Mzee akaugeukia ubao. "Kuna ubaya gani? Si mtoto wake?"

Mama Vumbi aliletwa kituoni saa tano. Aliketi kwenye kiti kilekile alichoketi fundi viatu, chini ya dirisha lilelile la juu. Inspekta alimsomea onyo, kwamba halazimiki kusema lolote na atakalosema litaandikwa. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa dozi.

"Mama, Jumamosi saa nane ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema. Njia ya chini."

"Saa nane na nusu ulinawa kutu getini."

"Reki ina kutu."

"Reki yako nimeiona. Ulipewa mwezi uliopita. Ina rangi mpya, isipokuwa kichwani mwa mpini. Hapo imebanduka."

Mama Vumbi akaifuta meza kwa kiganja.

"Uliniambia hukujua kama Nesi alipanda kilima."

"Sikujua."

"Lakini ulisimama mbele ya ubao ukauliza habari za kumi na saba. Ubao una vibao sitini, mama. Kumi na saba ulikitafutia nini?"

Mama Vumbi alishika meza kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa kama mnyama aliyejua kila pembe ya boma na bado anatazama kama kuna nyingine.

"Kama ni mtu alikomewa," akasema, "angepiga kelele. Hapo juu kuna benchi, watu hawakosi. Mbona hawakusikia kelele? Eh? Niambie. Mbona hakupiga kelele?"

"Hilo ndilo lililonileta kwako."

Inspekta akavuta kiti karibu. Alisema polepole, bila kupandisha sauti.

"Angekuwa mgeni anamkomea, angepiga kelele. Angekuwa yule kijana, angemtukana. Alinyamaza kwa sababu alisikia reki inakwaruza njia, akajua ni nani amekuja. Ni wewe aliyekuwa anakukimbia mle ndani. Alizuia pumzi ili usijue yupo. Akangoja uende zako. Ulipokwenda, akavuta mlango."

Nje mtu alikuwa anapiga muhuri makaratasi, pa, pa, pa.

"Usiseme hivyo," Mama Vumbi akasema.

"Nimekosea wapi?"

"Usiseme alinisikia."

Kisha ikatoka, yote, bila kuulizwa, na Koplo akawa anaandika mpaka kidole kikauma.

"Niliwaona wakiingia. Wote wawili, vibao vyao shingoni. Nilikuwa njia ya kati, nyuma ya ukuta wa mawe. Nilikaa chini, sijui nilikaa kiasi gani. Nilimzaa nikiwa na miaka kumi na sita, afande. Baba yake hakurudi hata kuuliza ni mtoto gani. Nilifukuzwa shule, nikafukuzwa nyumbani, nikapewa fagio. Nikasema huyu hatapita hapa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili aende chuo. Kumi na mbili tu! Ningemfikisha akiwa mzima."

"Ukafanya nini?"

"Nikapanda. Mlango umerudishwa, ndani kimya. Nikajua kimya cha namna gani. Nikasema nitawakomea humohumo wote wawili, nikamwite mjomba wake aje awakute. Yule kijana angeaibika, angehama mji. Ndilo nililotaka. Aibu tu. Komeo likakataa, nikaligonga kwa mpini."

"Ukashuka."

"Nikashuka kumwita mjomba. Nafika getini, naona ubao. Cha kwake kipo. Cha kijana kipo. Nikajua wametoka wakati nimekaa chini nyuma ya ukuta. Nikajua nimekomea shimo tupu, mpumbavu mimi. Nilitaka kucheka. Nikanawa mikono."

"Hukurudi kulifungua?"

"Kupanda ni nusu saa, na majani yangu yalikuwa yananingoja. Nikasema Jumatatu watafungua wenyewe."

"Alipokosa kurudi nyumbani?"

"Nikajua ametoroka naye. Ndiyo maana sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba nimelinda miaka kumi na tisa, siku kumi na mbili zikanishinda?"

Inspekta akangoja. Alihisi bado kuna kitu. Mama Vumbi alikuwa anatazama viganja vyake.

"Saa tisa nikawasha majani," akasema. "Yakashika vizuri. Halafu nikasikia kitu. Kule nyuma ya rundo, ndani ya jiwe. Kama mtu anatwanga mbali. Du, du. Na kama sauti. Nikasimama. Nikaegemea reki nikasikiliza."

Koplo aliacha kuandika.

"Nilisikia, afande. Masikio yangu haya. Nikajiuliza, huko juu kuna mtu? Halafu nikajijibu, hapana, ubao umejaa. Kibao kimerudi. Nilikiona." Akafunga viganja. "Nikaongeza majani."



"Na yule kijana?" Inspekta akauliza. "Kwa nini ulitutuma kwake? Ulijua komeo ulilifunga wewe."

"Nilijua tangu Jumatatu, nilipoona kucha."

"Kwa nini basi?"

"Kwa sababu kama si yeye, hakuna aliyenifanya nipande. Nilitaka awe yeye. Siku tatu nimekaa nikisema ni yeye, ni yeye. Nikikaribia kuamini, naziona zile kucha."

Aliweka sahihi yake chini ya maelezo. Mkuu wa kituo aliyasoma amesimama, akayasoma tena amekaa, kisha akaagiza jalada libadilishwe kuwa kuua bila kukusudia, na fundi viatu aachiwe saa ileile.

Wewe mama unayesoma hapa huku mwanao yuko chumba cha pili amefunga mlango, mimi sikuambii umwache ovyo. Mtoto huangaliwa. Ila jiulize, akiwa mahali pabaya na akasikia nyayo zako, ataita au atazuia pumzi? Nenda ukamwulize leo, na umwulize kwa upole, maana swali lenyewe akilijibu kwa woga umeshapata jibu.

Fundi viatu alitolewa mahabusu saa nane mchana. Hakuwa ameambiwa lolote isipokuwa kwamba yuko huru. Alipewa mkanda wake na kamba za viatu, akawa anatembea ukumbini viatu vimelegea, anatafuta mlango wa kutokea. Upande wa pili Koplo alikuwa anampeleka Mama Vumbi mahabusu ya wanawake. Ukumbi ule ni mwembamba. Watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu.

Kijana akageuka ubavu. Akadhani amekuja kufuata kibali cha kuzika.

"Pole, mama," akasema. "Mimi sikumkomea. Nakuapia. Ningejua bado yuko mle, ningeng'oa mlango kwa meno."

Mama Vumbi alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama kijana yule usoni kwa karibu, na akaona kwamba alikuwa bado mtoto.

"Najua, baba," akasema. "Ni mimi."